Sura ya Saba: Mkoba wa Mwalimu Alfredi

Muuguzi Scolastica alivipanga vitu juu ya meza ya chumba cha kufungia vidonda kwa utaratibu ule ule alioutumia siku tisa zilizopita, alipokuwa bado ana mume. Hakulia. Mkaguzi Msaidizi Didas, aliyeketi kwenye benchi la wagonjwa na daftari gotini, aliliandika hilo kabla ya kuandika tarehe. Katika miaka kumi na tisa ya kazi alikwisha kuwaona wajane waliolia kwa ustadi mkubwa na wengine ambao hawakulia kabisa, na hakuwa na imani na machozi wala na ukosefu wake. Aliandika tu.

"Anza na cha kwanza," alisema.

"Bendeji pana mbili, nyembamba nne. Gozi pakiti sita. Plasta ya kitambaa, siyo ile ya nailoni, maana mtu akitoka jasho ile inabanduka. Vibao viwili vya kufungia mfupa, nilivichonga mwenyewe. Mkasi. Iodini ndani ya chupa ya plastiki. Panado ishirini. Pakiti nne za chumvi ya kuharisha."

"Nani alitarajiwa kuharisha mlimani?"

"Hakuna, Afande. Lakini Hanang haina tone la maji, tangu unapoacha mashamba mpaka kileleni. Mtu akiishiwa nguvu kwa kiu, maji yake mwenyewe ya chupa yenye chumvi ile yanamrudisha. Mimi nilichagua kwa swali moja: kitu gani kitamuua mtu kule juu kabla hajafikiwa? Nikapata baridi, kiu na damu. Kitu ambacho hakikujibu hata mojawapo nilikitoa. Mwenyewe alitaka dawa ya nyoka. Nikamwambia nyoka wa kule juu wanaona baridi kuliko yeye, hawana muda naye."

Didas hakucheka, na Scolastica hakuonekana kuwa alimtarajia acheke.

"Baridi uliijibu kwa kitu gani?"

"Blanketi zito, kofia ya sufu, kiberiti ndani ya nailoni iliyofungwa mara mbili. Nilitaka mablanketi mawili. Mkoba ukakataa kufunga." Aliweka kidole mezani, mahali pasipokuwa na kitu. "Nikalitoa la pili kwa sababu nilikuwa na filimbi. Nilijiambia, blanketi la pili litampa saa chache, filimbi itamletea watu."

Filimbi ndiyo iliyokuwa imemleta Didas kijijini Gitting mara ya tatu wiki ile. Mwalimu Alfredi, aliyefundisha jiografia, alikuwa amepanga kuwapandisha wanafunzi wake mlimani mwezi wa nane, na kwa kuwa alikuwa mtu mwangalifu alitangulia kuipima njia yeye mwenyewe, akiwa na mkoba huu na mwongoza njia mmoja wa Katesh aitwaye Basili. Saa tisa alasiri, wakiteremka, mwalimu aliteleza na kuvunjika mguu chini ya goti, na mfupa ukatoka nje. Basili alieleza kwamba alimfunga mguu, akamfunika blanketi, akamvisha filimbi shingoni, akamwambia aipige bila kuchoka ili watu wa upande wa Gitting, ambao hawako mbali, wamfikie kwanza, wakati yeye akikimbilia Katesh kutafuta machela. Ukungu ukampoteza njia. Machela ilifika kesho yake saa sita mchana, ikamkuta mwalimu amekufa. Mkoba ulikuwapo. Filimbi haikuwapo, na Gitting nzima haikuwa imesikia kitu.

Kwa hiyo Basili alikuwa mahabusu, na kesho asubuhi gari lingempeleka Babati kujibu shtaka la uzembe uliosababisha kifo. Zaidi ya hayo, daktari aliyeupima mwili, kijana aliyehamishiwa huku miezi mitatu iliyopita kutoka pwani, alikuwa ameandika kwamba kidevuni na kwenye kola ya marehemu palikuwa na ugiligili mweupe uliokauka, wenye chembe nyeusi, "pengine matapishi yenye damu ya tumboni, sumu?" Alama hiyo moja ya kuuliza ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu na mtu fulani ofisini, mara mbili.

"Mumeo alibeba maziwa?" Didas aliuliza.

"Hakunywa maziwa. Yalikuwa yanamsumbua tumbo." Scolastica aliikunja bendeji iliyokuwa imekunjwa tayari. "Afande, naomba uniambie kitu kimoja tu ukikijua. Kama aliipiga."

"Kwa nini?"

"Kama hakuipiga, Basili ni mwongo. Kama aliipiga, basi watu walimsikia wakamwacha. Nimekaa na watu hawa miaka sita, nimewazalisha, najua majina ya watoto wao kuliko mwalimu wao. Ningependa mwongo awe Basili." Akaiweka bendeji chini. "Lakini na mtoto wa Basili nilimzalisha mimi."

Didas alifunga daftari. Alikwisha kuona kwamba wenye maneno ya faraja huyatoa mapema mno.

*

Kaya kumi na mbili za mpakani mwa msitu zilikuwa zimehojiwa, na zote kumi na mbili zilitoa jibu moja: hatukusikia kitu. Didas aliupa ulinganifu huo uzito wake. Watu wanaokubaliana kiasi hicho ama hawakusikia chochote, ama wamesikia kitu kile kile.

Alikata shauri la kuipima. Kabla ya mapambazuko ya siku hiyo hiyo alikuwa amekwisha kumtuma Koplo Alex kupanda mpaka pale alipokutwa marehemu, akiwa na filimbi ya chuma iliyonunuliwa kwenye duka linalouza mipira. Amri ilikuwa fupi. Saa nne kamili apige mara tatu, apumzike, apige mara tatu, kwa robo saa. Hakumwarifu mwenyekiti wa kijiji wala mtu mwingine, kwa kuwa sauti iliyotangazwa husikika hata na viziwi.

Yeye mwenyewe alijiweka juu ya mashamba ya mwisho ya viazi, pale msitu wa hifadhi unapoanzia, saa mkononi. Msitu haukuwa mtupu kama karatasi za serikali zinavyotaka uwe. Shoka lilisikika kushoto, na kengele ya ng'ombe mahali fulani juu. Wanawake wawili walikuwa wakiongea kwa Kiiraqw bila haraka, wakicheka jambo.

Saa nne kamili filimbi ilishuka. Ilikuwa nyembamba, lakini hakuna ambaye angeichukua kuwa ndege.

Shoka lilinyamaza katikati ya kazi. Kicheko kilikatika. Kisha msitu mzima ukaanza kujimwaga, pasipo kelele hata kidogo, kama watu waliolizoea zoezi hilo. Ng'ombe walitoka kwanza, wakisukumwa kwa fimbo na wachungaji wasiopiga hata mbinja, wakageuzwa kuelekea upande mwingine wa mteremko. Nyuma yao walitoka wanawake wanne, mmoja akikimbia kwa mgongo uliopinda, wakitupa mizigo ya kuni mahali ilipowaangukia. Hakuna hata mmoja aliyeelekea juu.

Mchungaji wa mwisho, kijana wa shuka nyeusi, nusura amkanyage Mkaguzi. Alikuwa Bura, ambaye siku tano zilizopita alikuwa ameapa kwamba hajawahi kutia mguu hifadhini.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Unakimbia nini?"

"Sikimbii. Ng'ombe ndio wanaokimbia. Mimi nawafuata."

"Umesikia filimbi?"

"Filimbi gani?"

Ikalia tena mara tatu nyuma yao.

"Hiyo."

"Ah," Bura alisema, akiangalia kwato za ng'ombe wake. "Hiyo siisikii."

"Bura. Hiyo usiyoisikia, ni ya nani?"

Kijana alimtazama kama mtu anayepima iwapo swali lile lina mtego ndani yake. "Ya nani tena, Afande? Ya serikali. Zamani walipiga wakija kukamata wasiolipa kodi. Tulikuwa tukilala maporini, baba na babu, mpaka waondoke. Sasa wanapiga askari wa msitu."

"Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka jana."

"Tuliambiwa," Bura alisema kwa adabu, na akawafuata ng'ombe wake.

Didas alitazama saa. Dakika sita. Filimbi ingali ikilia, na mahali pote ambapo ingeweza kusikika hapakuwa na mtu. Aliandika sentensi mbili. Kwamba sauti inafika. Kwamba kwa kadiri inavyofika, ndivyo inavyofukuza. Alizisoma tena, akaona kwamba zinaeleza kwa nini hakuna aliyekwenda, lakini hazithibitishi kwamba mwalimu aliipiga. Kumtoa Basili kulihitaji mtu aliyeisikia siku ile na ambaye angekubali kuweka dole gumba chini ya maneno hayo. Mtu huyo angekuwa anakiri kwamba alikuwa ndani ya hifadhi, jambo ambalo kaya kumi na mbili zilikuwa zimejihifadhi nalo kwa umoja wa kupigiwa mfano.

Katikati ya njia palikuwa na mzigo wa kuni uliofungwa kwa ukanda wa ngozi ya ng'ombe uliolainishwa kwa mafuta miaka mingi. Aliuinua, akajitwika begani, akateremka nao hadi nyumba ya kwanza.

*

Mwanamke aliyetokea mlangoni alikuwa amepita miaka sitini kidogo, na kifua chake kilikuwa bado kinapanda na kushuka. Waliohoji walikuwa wamemwandikisha kwa jina la Helena, mjane, asiyesikia kitu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Aliutazama mzigo begani kwake. "Huo siyo wangu."

"Sijauliza. Niuweke wapi?"

Helena alifikiri. "Weka hapo jikoni. Mwenyewe akija atauona."

Didas aliuweka, akajipangusa magome ya miti kwenye koti. Helena alimwonyesha kigoda. Mgeni aliyebeba kuni haachwi asimame, hata akiwa polisi. Akachukua kibuyu kilichoning'inia ukutani, akakitikisa, akammiminia maziwa mgando kwenye kikombe cha bati. Mkaguzi alikipokea kwa mikono miwili. Juu ya maziwa zilielea chembe nyeusi, ndogo kama mbegu za ulezi.

Hakunywa mara moja.

"Unakisafishaje kibuyu, mama?"

"Kwani huko kwenu hamsafishi? Nachoma kijiti mpaka kiwe kaa, nakiingiza ndani, nasugua. Kinanukia, na maziwa hayaharibiki upesi. Hizo nyeusi ni mkaa tu. Hazidhuru."

"Najua." Alikunywa nusu, akaweka kikombe chini, akatoa karatasi mfukoni. "Kuna daktari mmoja, kijana mzuri, hajakaa huku. Ameandika hapa kwamba Mwalimu Alfredi alikuwa na kitu cheupe kidevuni, chenye chembe nyeusi. Amedhani ni damu. Ofisini wamedhani ni sumu. Mwalimu hakunywa maziwa, na Basili hakubeba kibuyu." Aliikunja karatasi. "Kabla hujasema lolote nakuonya: hulazimishwi kusema, na utakachosema nitakiandika, na kinaweza kutumika mahakamani. Unaweza kuniambia ninywe maziwa yangu niende."

Helena aliketi chini, polepole, kama mtu anayetua mzigo wa pili wa siku hiyo.

"Leo nimekimbia tena," alisema. "Najua ilivyokuwa, na bado nimekimbia. Miguu haikuniuliza."

Didas alifungua ukurasa mpya.

"Siku ile nilikuwa nakata kuni pale pale. Ikalia, tukatawanyika wote. Tukasema leo wamekuja wengi, maana hawachoki. Nikaja nyumbani, nikapika, nikala. Upepo ukigeuka, naisikia. Nikalala. Nikaamka, naisikia, lakini ndogo. Ndipo nikajiuliza, askari gani huyu anayepiga filimbi usiku kucha? Serikali inalala."

"Ukafanya nini?"

"Ningemwamsha nani? Kila nyumba ingeniambia nyamaza, wanakutega. Nikachukua kibuyu, nikapanda. Nilimfikia kunapambazuka. Alikuwa bado ana pumzi. Filimbi ilikuwa mdomoni, lakini alikuwa anapumua tu ndani yake, hailii. Nikampa maziwa kidogo. Mengine yalimtoka."

"Hukupiga yowe?"

"Nilipiga!" Sauti yake ilipanda, kisha ikashuka. "Nilipiga mpaka koo likauma. Hapakuwa na sikio upande ule, baba. Wote walikuwa wamehama tangu jana yake, wamekimbia ile. Yeye angepiga yowe tangu mchana, hata mara moja, tungekuja wote na machela ya miti. Yowe ni la mtu. Anayelisikia asiende, anatengwa. Lakini yule mgeni alikuwa na filimbi."

Didas aliandika neno kwa neno. Kalamu yake haikuwa na haraka.

"Nilitaka nishuke niite watu. Akanishika kitenge hapa. Hakuwa na nguvu, ningejitoa. Nikakaa. Alikuwa ananisemesha kwa lugha ya kwao. Sikujua hata neno moja. Nikawa naitikia tu. Ee, mwanangu. Ee. Jua lilipomfika usoni alikuwa amekwisha kwenda. Nikamfumba macho. Ile kitu nikaikata shingoni, sikutaka akutwe nayo, kama mbwa wa mtu." Aliinuka, akaingia ndani, akarudi na filimbi ya chuma ndani ya kitambaa, uzi wake umekatwa kwa kisu. Aliiweka gotini mwa Mkaguzi. "Tangu siku ile sijaenda zahanati kupimwa presha. Ningemtazamaje yule mama?"

"Kwa nini hukusema tulipokuuliza?"

"Ningeanzia wapi? Ningeanzia kwenye kukimbia."

Kuku aliingia, akauchunguza mzigo wa kuni, akatoka. Didas alimsomea Helena aliyoyaandika, tangu mwanzo, kwa sauti isiyopanda wala kushuka. Alipofika mahali pamoja alisita.

"Hapa nimeandika, 'nilikuwa msituni.' Sijaandika ulikuwa ukifanya nini. Msitu una njia, na watu hupita njiani. Kukata kuni ni kosa, na karatasi hii itasomwa na watu wa kila namna. Basili atasaidika hata ukiwa mpita njia."

Kwa mtu aliyeliheshimu shauri kuliko watu, hayo yalikuwa maneno mengi. Helena aliyageuza kichwani kwa muda.

"Wakiniuliza huko, mpita njia alikimbia filimbi kwa nini?"

Kalamu ya Didas ilisimama.

"Unaona," Helena alisema. "Mtu asiye na kuni hana sababu ya kukimbia. Watasema huyu bibi ametungiwa maneno, na Basili abaki kule kule. Andika kuni. Andika na shoka."

Mkaguzi alimtazama kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa desturi yake. Alikuwa amefanya kazi na mawakili ambao hawangeliona hilo kwa siku mbili. Akaandika kuni. Akaandika shoka.

"Hii inamtoa Basili?"

"Nitaipeleka leo. Kesho lile gari la Babati litaondoka bila yeye."

"Na mimi wataniita?"

"Wataniita mimi kwanza kueleza kwa nini mlima mzima ulikimbia. Nitawapigia filimbi mle ofisini, wajionee nani atakayeinuka. Wewe wakikuita, nitakufuata hapa mwenyewe, na tutakwenda pamoja."

Helena alitikisa kichwa kukubali, lakini hakunyoosha kidole kwenye wino.

"Yule muuguzi ataisoma?"

"Ana haki. Ameniomba nimwambie kama aliipiga. Nitampelekea nakala."

"Basi andika kwamba hakuwa peke yake."

"Nimeandika, mama. Hapa, mstari wa kumi na nne. 'Nilikaa naye mpaka alipofariki.'"

"Hiyo imeandikwa kipolisi. Imejificha katikati ya kuni. Iandike tena mwisho, peke yake, aione."

Maelezo ya shahidi hayarudiwi. Ndivyo alivyofundishwa chuoni, na ndivyo alivyowafundisha wengine tangu hapo, kwa ukali: jambo lililosemwa mara mbili humfanya msomaji alitilie shaka mara ya kwanza. Didas aliishika kalamu upya. Kisha akaruka mstari mmoja, akaandika kwa mkono mkubwa kuliko wake wa kila siku, *Hakuwa peke yake*, akaugeuza ukurasa kumwelekea Helena, ambaye hakujua kusoma, na ambaye aliutazama mpaka akaridhika.